Ta-ta-ta: Historia ya Gari Lililokataa Kuwaka

Gari likikataa kuwaka huwa linasema kitu, sema wengi wetu hatusikii kwa sababu tuko busy kulilaani. Kuna kimya kabisa. Kuna "tak" moja, basi. Kuna ta-ta-ta-ta, kama mtu wa deni anayebisha mlango. Halafu kuna injini inayozunguka vizuri tu lakini haishiki. Sauti nne, magonjwa manne. Fundi wa waya anayejua kazi huanza na masikio kabla hata boneti haijafunguliwa, na kwangu mimi masikio hayo yana historia, kama vile vita na wanasiasa walivyo na historia.

Zamani hakukuwa na sauti yoyote ya kusikiliza. Gari liliwashwa kwa hendeli: unasimama mbele, unachomeka chuma, unazungusha kwa nguvu. Injini ikijibu kabla ya wakati wake, hendeli inarudi nyuma kwa kishindo na kuvunja mkono, au taya. Wamarekani husimulia kwamba Byron Carter, mtengenezaji wa magari aliyefariki 1908, aliumizwa na hendeli akimsaidia mwanamke aliyekwama barabarani, na kwamba kifo hicho ndicho kilichomsukuma Henry Leland wa Cadillac atafute njia nyingine. Hadithi hiyo imenyooka mno, na wanahistoria wanaitilia shaka. Lakini mikono iliyovunjika ilikuwa ya kweli.

Aliyepata jibu ni Charles Kettering, na hapa ndipo mambo huwa matamu. Kettering alikuwa ametoka kiwanda cha mashine za kuhesabia pesa dukani, kule Dayton, Ohio. Huko alikuwa ametengeneza mota ndogo ya kufungua droo ya pesa. Wataalamu walisema mota ya kuzungusha injini ingehitaji kuwa kubwa karibu kama injini yenyewe. Yeye aliona kitu rahisi: droo haifunguliwi siku nzima. Mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo kupita kiasi, mradi iwe kwa sekunde chache tu kisha ipumzike. Cadillac za mwaka wa 1912 zikatoka na stata ya umeme.

Kwa hivyo fundi akikuambia usikazanie ufunguo, piga kidogo, uache ipoe, ujaribu tena, hakuletei ushirikina. Stata ni mjukuu wa droo ya pesa. Haikuumbwa kufanya kazi kwa muda mrefu. Ukiishikilia dakika nzima unaichoma.

Ta-ta-ta nayo ni nini? Juu ya stata kuna solenoidi, sumaku ya umeme inayovuta swichi nzito. Unapogeuza ufunguo, solenoidi inavuta, stata inaomba umeme mwingi kwa ghafla, betri iliyochoka inashindwa, volti zinaanguka, sumaku inaachia. Mzigo ukiondoka, volti zinapanda, sumaku inavuta tena. Mara kadhaa kwa sekunde. Ni betri inayojaribu na kushindwa, inajaribu na kushindwa. "Tak" moja ni habari nyingine: umeme umefika, swichi imevuta, lakini mota haizunguki. Pengine kaboni zimeisha au zimekwama, na ndiyo maana utaona fundi akiigonga stata kwa spana na gari linawaka. Wapita njia huona muujiza. Fundi anajua amenunua siku mbili tatu tu.

Lakini kosa linalokula pesa za watu Nairobi halina sauti yake. Taa zinawaka vizuri, redio inaimba, stata haizunguki. Mtu anaambiwa anunue betri mpya. Ananunua. Wiki inayofuata yuko palepale.

Mjerumani Georg Ohm aliandika sababu yake mwaka wa 1827, kabla gari la kwanza halijazaliwa. Taa ndogo ya kupimia haihitaji hata ampia moja. Stata inaweza kuhitaji ampia 150. Waya uliooza ndani, ukabakiwa na nyuzi chache nzima, utaiwasha taa bila shida, lakini stata ikiomba haki yake njia inaziba. Kizuizi cha ohmu 0.01 tu, kutu kidogo kwenye teminali, kinakula volti 1.5 kati ya 12. Ukiangalia kwa macho, huoni kitu.

Dawa ni kupima wakati mzigo upo. Weka ncha moja ya mitha kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye chuma cha injini, halafu mwenzako apige stata. Ikisoma chini ya 0.5, njia ya kurudi ni nzima. Ikisoma volti moja na zaidi, achana na betri: kosa liko kwenye ule waya unaofungwa kwenye bodi na injini. Utoe, usugue, ukaze. Hapo umeokoa maelfu ya shilingi kwa kipande cha msasa.

Sasa, nani aliwafundisha mafundi wetu haya? Tazama jina la mtaa. Barabara ya Kirinyaga bado inaitwa Grogan na kila mwenye gari, kutoka kwa Ewart Grogan, mlowezi ambaye mwaka wa 1907 aliwachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Katika mji huo wa wakoloni, kazi ya ufundi ilikuwa na ngazi: mzungu mwenye kampuni, fundi Mhindi, na Mwafrika aliyebeba spana. Kenneth King, katika kitabu chake cha 1977 kiitwacho The African Artisan, alifuatilia jinsi ujuzi ulivyotoka katika karakana za Wahindi na kuingia mikononi mwa wale wasaidizi, ambao baadaye walitoka wakafungua kazi zao wenyewe chini ya jua kali. Wengi hawakupewa cheti. Walipewa masikio. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti maarufu kuhusu ajira Kenya, na dunia ikaanza kuongea kuhusu sekta isiyo rasmi. Sisi tuliiita tu jua kali.

Ujuzi huo unapita kwa kusimama kando ya mtu. Unashika tochi, unaulizwa "umeskia hiyo?" mpaka siku moja unaskia kweli.

Ndiyo maana sauti ya nne inanitia wasiwasi. Injini inazunguka vizuri, petroli ipo, haishiki. Siku hizi huenda waya zote ni nzima: kompyuta ya gari imekataa ufunguo. Tangu miaka ya 1990 magari mengi yamewekewa kifaa cha kuzuia wizi, chipu ndani ya ufunguo inayoongea na kompyuta kwa siri. Chipu isipotambuliwa, hakuna safari. Fundi hapimi tena njia ya umeme, anaomba ruhusa, na ruhusa iko ndani ya programu ya mtengenezaji, kwa malipo. Kule Massachusetts, Marekani, wapiga kura walipitisha sheria mwaka wa 2012 ya kuwalazimisha watengenezaji kuwapa karakana huru habari za kupimia magari. Walijua kwamba asiyeruhusiwa kuuliza gari lina shida gani hawezi kulitengeneza.

Msifikirie magari ya umeme yatamfuta fundi wa waya. Mbali na ile betri kubwa, magari mengi ya umeme na haiбridi bado yana betri ndogo ya volti 12 ya kuamsha kompyuta. Ikifa, gari zima linalala, hata kama betri kubwa imejaa pomoni. Pale Grogan, hilo ni kosa ambalo kijana mwenye mitha na msasa anaweza kulipata kabla ya chai ya saa nne, akiachiwa kulifungua.