Mwalimu Aliyekuwa Jaji Mkuu

Ewe msomaji, uwe huku Kimuka au penginepo, yafaa umjue Willy Mutunga. Alizaliwa Kitui mwaka 1947, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Haki alizowafundisha wengine, yeye mwenyewe alinyimwa: mwaka 1982 alikamatwa, akawekwa kizuizini pasipo hukumu ya mahakama mpaka mwaka 1983. Kazi yake ya ualimu ikampotea.

Mwaka 2010 wananchi walipiga kura wakapitisha Katiba mpya. Katiba hiyo yaamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe kortini, kwa kawaida, kabla ya kupita saa 24. Mwaka uliofuata Mutunga alihojiwa hadharani, akaapishwa kuwa Jaji Mkuu wa kwanza kuteuliwa chini ya Katiba hiyo. Aliyezuiliwa bila hukumu sasa aliongoza mahakama zote za Kenya, mpaka alipostaafu mwaka 2016.

Basi uisomapo Katiba, usidhani ni maneno makavu. Nyuma ya saa hizo 24 wamo watu waliongoja zaidi ya mwaka mzima.