Itibari ya Kikoa

Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, kina anwani kuu, mmust.ac.ke. Maktaba yake huweka tasnifu na makala za watafiti kwenye anwani nyingine: ir-library.mmust.ac.ke. Zipime zote mbili kwa zana za kukadiria nguvu ya tovuti. Zana moja inaweza kuzipa alama ileile. Nyingine ikazitenga mbali. Zana zote mbili ziko sawa, ila hazikubaliani kuhusu kinachopimwa.

Alama inayotajwa zaidi ni ya kampuni ya Moz, ya Seattle. Huanzia 1 hadi 100, na hukadiria uwezekano wa tovuti kujitokeza juu katika matokeo ya utafutaji. Msingi wake ni viungo: tovuti gani zinaelekeza wasomaji kwako, na zenyewe zina uzito gani. Wazo hilo linakumbusha PageRank, waliyoibuni Larry Page na Sergey Brin huko Stanford katika miaka ya 1990. Hata hivyo Google haitumii alama ya Moz kupanga matokeo. Ngazi za alama hiyo nazo hazilingani. Kupanda kutoka 20 hadi 30 ni rahisi kuliko kutoka 70 hadi 80.

Kwa Kiswahili alama hiyo utakuta imeandikwa “mamlaka ya kikoa”. Kikoa sina ugomvi nacho, tena nakipenda, maana kula kikoa ni kula pamoja kwa kuchangiana au kwa zamu. Mamlaka ndiyo inayonikera. Mkenya akiisikia anafikiria watoza ushuru na mihuri yao, ilhali alama hii haimpi mwenye tovuti uwezo wa kuamuru lolote. Ni makadirio ya imani ambayo wengine wanayo kwake. Basi naiita itibari ya kikoa. Na sehemu yenye jina lake chini ya kikoa kikuu ni kikoa tanzu, kama kampuni tanzu.

Ugumu uko mpakani: kikoa kikuu kinaanzia wapi? Ukichukua vipande viwili vya mwisho vya mmust.ac.ke unabaki na ac.ke, na hapo vyuo vikuu vya Kakamega, Maseno na Nairobi vingegawana itibari moja. Kuepusha hilo kuna orodha ya viambishi vya umma, iliyoanzishwa na Mozilla, inayotambua kwamba chini ya ac.ke, co.ke na go.ke kila jina lina mwenyewe. Hata blogspot.com imo, kwa hiyo mkulima wa miwa wa Mumias anayeandika chini yake asijivunie alama kubwa ya jina hilo, si yake.

Maktaba ya chuo ni kisa tofauti, kwa kuwa mwenye kikoa na mwenye tanzu ni mmoja. Anayenukuu tasnifu huunganisha na tanzu. Anayetangaza habari za chuo huunganisha na anwani kuu. Zana inayopima kikoa kizima huvichanganya viungo hivyo, inayopima tanzu huvitenga. John Mueller wa Google alisema mwaka 2017 kwamba utafutaji wao unakubali mpangilio wowote, tanzu au folda. Hata hivyo, maktaba ikihamishiwa folda ndani ya mmust.ac.ke, zana ya pili itaanza kuisomea alama ya anwani kuu, bila tasnifu hata moja kuongezeka wala kiungo kipya kupatikana.