Tiba ya Vinasaba kwa Ugonjwa wa Selimundu

Selimundu ni ugonjwa wa damu unaorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Nchini Tanzania, inakadiriwa kuwa watoto 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Kanda ya Ziwa, ukiwamo Mkoa wa Simiyu, ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi.

Novemba 2023, Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba inayohariri vinasaba vya seli za uloto wa mgonjwa mwenyewe ili mwili uzalishe tena himoglobini ya kichanga. Nchini Marekani, tiba hiyo hugharimu dola milioni 2.2 kwa mgonjwa.

Kwa familia za Kimali, wilayani hadi mkoani, msaada ulio karibu ni kumpima mtoto mapema na dawa ya haidroksiyurea. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hupandikiza uloto.