Binti Aliyevuka Ziwa Ontario

Wasikilizaji, Ziwa Ontario limo mpakani mwa Kanada na Marekani. Maji yake ni matamu, lakini baridi yake hukata. Mwaka 1954 wenye maonyesho ya Toronto, wakitaka kuvuta watazamaji, walimwahidi Florence Chadwick, Mmarekani hodari wa kuogelea, dola 10,000 akilivuka. Marilyn Bell, mwanafunzi wa Toronto mwenye miaka 16, hakuahidiwa kitu. Akajitosa usiku ule ule. Chadwick aliugua, akatolewa majini. Bell akaendelea, huku samaki wanyonyao damu, mfano wa mikunga, wakimng'ang'ania. Naye akiwapiga ngumi. Kwa muda wa saa 21 kasoro dakika moja akafika Toronto, wa kwanza kulivuka. Fedha akapewa yeye, na kwa haki. Bustani iliyo ufukoni pale huitwa kwa jina lake, na wengi walivukao ziwa siku hizi hutua hapo.