Picha za Chavua: Kutoka Kalamu hadi Elektroni

Kwa macho matupu chavua ni vumbi la njano. Chembe zake nyingi zina upana wa mikroni 10 hadi 100, na hata zile za mikroni 100 huhitajika kumi mstari mmoja ili kutimiza milimita moja. Ndiyo maana umbo lake halikujulikana hadi karne ya 17, hadubini ilipofika mikononi mwa wachunguzi wa mimea. Marcello Malpighi wa Bologna na Nehemiah Grew wa London walilifanyia kazi suala hilo karibu wakati mmoja. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1682 kuhusu maumbile ya ndani ya mimea, Grew alichora chembe za maua kadhaa na kueleza jambo ambalo taaluma yote iliyofuata imelitegemea: kila aina ya mmea ina chavua ya umbo lake, na umbo hilo ni lilelile kila ua linapochanua. Mwaka 1694 Camerarius wa Tübingen alionyesha kwa majaribio kwamba mmea usiopata chavua hautoi mbegu zenye uhai.

Kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata, picha ya chavua ilikuwa mchoro. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Franz Bauer, Mwaustria aliyeajiriwa kuchora mimea katika bustani ya Kew karibu na London na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 1840. Bauer alichora chavua kwa rangi za maji, chembe kwa chembe, miiba na vitundu vyake vikionekana wazi. Mwaka 1837 Carl Julius Fritzsche alichapisha mjini St Petersburg kitabu kizima kuhusu chavua, chenye michoro ya rangi. Ni yeye aliyetofautisha kwa majina matabaka mawili ya ganda la chavua: la nje lililo gumu na lenye nakshi, na la ndani lililo laini.

Mchoraji alikuwa na uwezo ambao mashine ingekosa kwa muda mrefu. Chembe nyingi za chavua ni za mviringo, na lenzi yenye nguvu huonyesha wazi tabaka jembamba tu la kitu kinachotazamwa. Katika chavua ya hibiskasi, kwa mfano, fokasi ikiwekwa juu huonekana ncha za miiba ya katikati, zikielea bila kushikwa na kitu. Ikishushwa kidogo, ncha zinafifia na uso wa ganda unajitokeza ukiwa na matundu yake. Ikishushwa tena hadi nusu ya chembe, ukingo unakuwa duara safi lililozungukwa na miiba kama miale. Mchoraji alipitia hatua hizo zote, akaziweka akilini, kisha akazikusanya katika mchoro mmoja. Kamera ilinasa hatua moja na kuziacha nyingine ziwe ukungu.

Kwa hiyo ujio wa kamera haukuiondoa kalamu. Mwaka 1845 daktari Alfred Donné na mwanafizikia Léon Foucault walitoa mjini Paris atlasi ya vitu vya hadubini, hasa majimaji ya mwili, iliyotokana na picha za daguerreotype. Picha za namna hiyo zilikaa kwenye bamba lililopakwa fedha na hazikuweza kuchapwa kitabuni, hivyo mafundi walizichonga upya kwa mkono. Tatizo jingine lilikuwa mwanga: taa ilimulika upande mmoja zaidi ya mwingine, na hata umbo la taa yenyewe likaonekana ndani ya picha. Mwaka 1893 August Köhler, Mjerumani aliyekuwa akitafuta njia bora ya kupiga picha kwa hadubini, alieleza mpangilio wa lenzi na viwambo unaosambaza mwanga sawasawa. Mpangilio huo unatumika hadi leo.

Mahitaji ya picha yaliongezeka ghafla baada ya mwaka 1916. Mwaka huo Lennart von Post wa Sweden alionyesha mjini Kristiania, ambao leo ni Oslo, kwamba chavua iliyozikwa katika tope la vinamasi, ikihesabiwa tabaka kwa tabaka, inaeleza historia ya misitu. Kuhesabu kulidai kutambua, na kutambua kulidai vielelezo. Mwenzake Gunnar Erdtman alileta mwaka 1934 mbinu ya kuchemsha chavua katika mchanganyiko wa anhidridi ya asetiki na asidi ya salfuriki. Yaliyomo ndani yanayeyuka, na ganda la nje linabaki tupu, la rangi ya kahawia, tayari kwa kamera. Hata hivyo Erdtman mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu chavua za mimea ya maua, aliendelea kutegemea michoro iliyoonyesha uso wa chembe na mkato wake pamoja. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa wakati wake. Wapiga picha nao walizoea kuchapisha picha mbili au tatu za chembe moja, kila moja kwa fokasi yake, ili msomaji aone jinsi nakshi inavyong'aa fokasi ikiwa juu na kuwa nyeusi inaposhuka.

Mwaka 1965 kampuni ya Cambridge Instrument ya Uingereza ilianza kuuza hadubini ya elektroni inayopitisha miali juu ya uso wa kitu. Chembe hupakwa utando mwembamba wa dhahabu na kuwekwa ndani ya ombwe, na picha inayopatikana ni kali kuanzia ncha ya mwiba hadi shina lake. Chavua ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza vya mimea kupigwa picha hivyo. Picha hizo hazina rangi. Zile za waridi na kijani zinazopamba magazeti zimepakwa baadaye. Zaidi ya hayo, zinaonyesha uso tu, ilhali mhesabu chavua anatumia hadubini ya mwanga na anahitaji kuona unene wa ganda na nguzo ndogo zilizomo ndani yake.

Afrika Mashariki ilihisi upungufu wa vielelezo kwa ukali. Katika miaka ya 1960 J. A. Coetzee alichunguza tope la Sacred Lake katika Mlima Kenya, na Robert Kendall akachunguza la Ghuba ya Pilkington upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Wote walikabiliana na mimea ambayo atlasi za Ulaya hazikuijua: chavua ya migunga hutoka kwa vifurushi, mara nyingi vya chembe 16 zilizoshikana, na podo ina vifuko viwili vya hewa. Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu kubwa mwaka 1980, Raymonde Bonnefille na Guy Riollet walipochapisha mjini Paris atlasi ya chavua za savana za Afrika Mashariki, yenye kurasa nyingi za picha zilizopigwa kwa hadubini ya mwanga.

Leo kompyuta huunganisha picha za fokasi mbalimbali na kutoa moja iliyo wazi kote, kazi ambayo Bauer aliifanya kwa jicho na brashi. Lakini programu ya kuunganisha picha haiutaji mmea. Picha ya chavua huaminika pale tu inapofuatana na jina la mmea, mahali ulipochumwa, ukuzaji uliotumika na namna chembe ilivyotayarishwa, na mmea wenyewe ukiwa umekaushwa na kutunzwa, kama inavyofanywa katika Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, ili mwingine aweze kuuhakiki.