Kambi ya Hisabati ya Siberia na Funzo Lake Kwetu

Likizo ndefu ya shule, kwa wazazi wengi, ni wakati wa kijana kurudi nyumbani, kusaidia kazi za shamba, na kusahau nusu ya yale aliyofundishwa. Mwaka 1962, huko Siberia katika uliokuwa Umoja wa Kisovieti, wataalamu kadhaa waliitazama likizo kwa jicho jingine. Waliwakusanya vijana wa sekondari kutoka miji na vijiji vya mbali, wakawalaza bwenini, wakawafundisha hisabati si kama somo linalosimama peke yake, bali kama ndugu wa fizikia na sayansi nyingine. Katika makala haya nakusudia kueleza habari za kambi ile, sababu zake, matunda yake na mipaka yake, maana naona limo ndani yake jambo la kutufaa sisi tuliopita katika shule hii.

Habari inaanzia mwaka 1957. Mwaka huo serikali ya Kisovieti iliamua kujenga mji wa sayansi, Akademgorodok, kusini ya jiji la Novosibirsk, kando ya bwawa kubwa la mto Ob. Mwongozaji mkuu wa kazi hiyo alikuwa Mikhail Lavrentyev, mtaalamu wa hisabati, akisaidiana na wenzake Sergei Sobolev na Sergei Khristianovich. Taasisi za hisabati, fizikia ya nyuklia, kemia, elimu ya urithi wa viumbe, na ile ya mwendo wa maji na hewa, zote zilijengwa kwa ujirani. Haikuwa bahati. Waanzilishi waliamini kwamba maswali makubwa hukaa mipakani baina ya elimu moja na nyingine, na kwamba mtu wa hisabati na mtu wa viumbe hawana budi kukutana njiani kila siku. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Novosibirsk kikafunguliwa katika mji huo huo.

Majengo yalipatikana, walakini palibaki swali la watu. Je, vijana wa kuzijaza taasisi hizo watatoka wapi? Watoto wa Moscow na Leningrad walikuwa na walimu mashuhuri na vikundi vya hisabati vya jioni. Mtoto wa kijiji cha Siberia, hata akijaliwa akili ya ajabu, aliweza kumaliza shule bila kukutana na mtu hata mmoja wa kuitambua akili yake. Wataalamu wa Akademgorodok hawakungoja mtoto huyo abishe hodi. Waliandaa mashindano ya Siberia nzima. Hatua ya kwanza ilikuwa kwa njia ya posta: maswali yalichapishwa magazetini, na kijana yeyote aliweza kuyajibu akiwa kwao. Hatua ya pili wataalamu walisafiri wenyewe mikoani kuwaona waliofanya vizuri. Hatua ya tatu ndiyo kambi ya majira ya joto ya mwaka 1962, ambako washindi walialikwa kuishi na kusoma Akademgorodok.

Waliojihusisha na kazi hiyo ya vijana hawakuwa watu wadogo. Pamoja na Lavrentyev mwenyewe alikuwamo Gersh Budker, mkuu wa Taasisi ya Fizikia ya Nyuklia, na Aleksei Lyapunov, mmoja wa waasisi wa elimu ya kompyuta katika nchi yake, ambaye alishikilia kwamba hisabati ina kazi kubwa ya kufanya katika elimu ya viumbe. Kijana aliyezoea kuona namba ubaoni tu aliweza sasa kuziona zikifanya kazi katika maabara.

Lavrentyev alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Yeye alianzia katika hisabati tupu, kisha akaigeuza kuwa elimu ya maji na ya milipuko. Hapo juu ya mji wa Alma-Ata, Kazakhstan, bonde la Medeo lilikuwa likitishia kushusha tope na mawe juu ya wakazi. Lavrentyev alikuwa miongoni mwa waliotetea kwamba milima ya kando ilipuliwe kwa hesabu maalumu ili iangukie bondeni na kuwa ukuta. Mlipuko wa kwanza ulifanyika Oktoba 1966, na mwingine ukafuata mwaka 1967. Julai 1973 gharika ya tope ilipokuja, ukuta ule uliizuia na mji ukaokoka. Hiyo ndiyo maana ya kuunganisha hisabati na elimu nyingine.

Kambi ilizaa shule. Januari 1963 wataalamu walifungua hapo Akademgorodok shule ya bweni ya fizikia na hisabati, na Agosti mwaka huo serikali ikaamuru shule za namna hiyo ziwepo Moscow, Leningrad, Kiev na Novosibirsk. Ile ya Moscow nayo ilianzia kambini. Andrei Kolmogorov, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alikusanya vijana huko Krasnovidovo katika majira ya joto ya mwaka 1963, na Desemba mwaka huo shule ikafunguliwa. Kolmogorov alifundisha mwenyewe, akatembea na wanafunzi msituni, akawafungulia masikio kwa muziki na mashairi. Yeye mwenyewe ujanani alifanya utafiti wa historia ya umilikaji ardhi huko Novgorod, na baadaye aliandika juu ya mwendo wa maji yenye vurugu, juu ya urithi wa viumbe, na juu ya mizani ya mashairi.

Huenda msomaji akauliza: mtoto wa Kidato cha Pili atafaidi nini kwa mambo makubwa namna hiyo? Tuchukue mfano wa kwetu. Afisa wa uvuvi ataka kujua idadi ya samaki katika bwawa, wala hawezi kulikausha. Huvua samaki 200, huwatia alama, huwarudisha majini. Baada ya siku chache huvua 300, akakuta 12 wana alama. Kumi na wawili katika mia tatu ni mmoja kati ya 25. Basi wale 200 nao ni sehemu moja ya 25 ya samaki wote, yaani bwawa lina samaki wapatao 5,000. Hapo hakuna zaidi ya uwiano, somo la shule ya msingi. Lakini mara maswali yanazuka: je, kama wenye alama wamekufa? Kama hawajachanganyika na wenzao? Hesabu imeingia katika elimu ya viumbe, na kijana ameanza kufikiri. Swali kama hilo lataka siku nzima, bwawa, na mwalimu asiye na haraka ya kengele. Darasa la dakika arobaini haliwezi kutoa hayo, kambi yaweza.

Hata hivyo, hatuna budi kuitazama pia mipaka ya jambo hili. Yapo malalamiko kwamba shule na kambi za namna hiyo huwabagua wachache na kuwaacha wengi. Jibu lake limo katika namna ya kuchagua. Ukingoja waje, watakuja wale wale wenye nafasi. Ukitoka kuwatafuta kwa posta na kwa miguu, utampata mtoto wa fundi na wa mkulima. Funzo la pili ni chungu zaidi. Katika miaka ya 1970 Kolmogorov aliongoza mabadiliko ya vitabu vya hisabati kwa shule zote za nchi. Vitabu hivyo viliwalemea walimu na wanafunzi, na kufikia mwaka 1978 wanahisabati wenzake walivikataa waziwazi. Kilichostawi kwa vijana wachache wanaoishi na walimu wao hakikuweza kusambazwa kwa amri. Kambi ni kitalu, si shamba zima.

Mbegu lakini zilienea. Mwaka 1976 Akademgorodok ilianzisha kambi ya vijana wa programu za kompyuta, chini ya Andrei Ershov. Na kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2011 ilianza kambi ya hisabati huko Maseno, ambako wavulana na wasichana wa sekondari hukaa wiki moja wakishughulika na takwimu, kompyuta na mafumbo ya kufikiri.

Sisi je? Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2021 hapa Tanzania, waliofaulu Hisabati walikuwa karibu mtahiniwa mmoja tu kati ya watano. Wanne waliobaki hawakuzaliwa bila akili. Mabweni yetu hukaa matupu kila Juni na kila Desemba. Katika orodha ya wanachama wetu wamo wahandisi, madaktari, wapima ardhi, wahasibu na maafisa wa kilimo, na kila mmoja wao hutumia hisabati kazini bila kuitaja kwa jina. Napendekeza Mkutano Mkuu ujao ujadili kambi ya wiki moja, wanafunzi arobaini, na nusu yao watoke shule za kata za jirani, wavulana kwa wasichana, wakichaguliwa kwa maswali tutakayowapelekea sisi wenyewe. Fedha yake haitazidi ile tunayoitumia kwa karamu mbili.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wa Siberia walikwenda kumtafuta mpaka kwenye barafu. Wetu yuko umbali wa nauli ya daladala.