Siku ya Ishirini na Moja

Mara ya kwanza nilipoenda kununua vipimo vya yai, dada wa kemisti aliniletea kipimo cha mimba. Nikamwambia hapana, nataka ile ingine, ya kujua siku. "Siku gani?" akauliza, na watu waliokuwa nyuma yangu wakanyamaza wote. Ya yai, nikasema. Akaingia ndani, akatoka na pakiti, akainama kidogo. "Hii mistari miwili haitoshi, dada. Lazima wa pili ukolee kama wa kwanza ama uupite. Usije ukafurahi bure."

Nilifurahi bure mara tatu mwezi huo.

Nina miaka 28. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto mwaka wa pili sasa, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda nyumbani nikiandika, kila saa nane mchana naacha kazi, nachukua kikombe, naingia choo. Nachovya kijikaratasi kwenye mkojo, nangoja dakika tano. Katika zile dakika tano ndipo nilianza kujiuliza haya mambo yalitoka wapi.

Kuhesabu siku nilikuwa nimeanza zamani. Mwaka wa pili chuoni, nikisomea ualimu wa sayansi, tulikuwa wanne chumba kimoja cha hosteli na kalenda moja nyuma ya mlango wa kabati. Kanuni tuliirithi kwa waliotutangulia: hesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi, ya 14 ndiyo hatari, ongeza siku chache huku na huku, zilizobaki ni siku salama. Mzunguko wangu ni wa siku 35. Siku ya 20, kwa mujibu wa kabati, nilikuwa salama kabisa. Nikashika mimba. Mwezi wa tano niliacha chuo, na kabla mwezi huo kuisha mimba ikatoka. Sikurudi. Karo ilikuwa imeshaenda kwingine, na nyumbani hakuna aliyetaka nizungumzie hilo jambo tena.

Kumbe ile kanuni ilikuwa na mwenyewe. Kyusaku Ogino alikuwa daktari wa wanawake katika mji wa Niigata, Japani. Karne iliyomtangulia, madaktari wengi wa Ulaya waliamini yai la mwanamke hutoka karibu na wakati wa damu, kama kwa mbwa, hivyo wakashauri katikati ya mwezi kuwa ndiyo salama. Hebu fikiria idadi ya watoto waliozaliwa kwa ushauri huo. Ogino alipowapasua wagonjwa tumbo kwa sababu zingine, aliangalia ovari, akatafuta alama ambayo yai huacha likishatoka, kisha akalinganisha na tarehe za hedhi alizopewa na wenyewe. Mwaka wa 1924 alichapisha jibu: yai hutoka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi ijayo. Hermann Knaus wa Austria alifikia jambo linalokaribia hilo kivyake, miaka michache baadaye.

Kabla ya hedhi ijayo. Hayo maneno niliyasoma mara nne. Ogino alihesabu kurudi nyuma. Sisi kwenye kabati tulihesabu kwenda mbele. Toa 14 kwa 35, unabaki na 21. Na cha kuudhi zaidi, Ogino alikuwa anawafikiria wanawake wanaotaka kuzaa. Wengine walipoigeuza hesabu yake kuwa njia ya kuzuia mimba, yeye mwenyewe aliipinga, akisema ziko njia bora.

Shida ni kwamba huwezi kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ambayo haijafika. Ilibidi mwili wenyewe useme mapema, na mwili husema kwa homoni inayoitwa LH, ambayo hupanda ghafla saa 24 hadi 36 hivi kabla ya yai kutoka, na kuonekana kwenye mkojo. Miaka ya 1940 kule Philadelphia, mtafiti Edmond Farris aliwadunga panya wachanga wa kike mkojo wa wanawake, kisha akawapasua kuona kama ovari zimekuwa nyekundu. Huku Afrika zamu ilikuwa ya chura. Miaka ya 1930 watafiti wa Cape Town waligundua kwamba chura wa huko mwenye kucha, akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito, hutaga mayai kabla siku haijaisha. Homoni ya mimba inafanana na LH kiasi kwamba mwili wa chura hudanganyika. Vyura hao walisafirishwa hadi Ulaya na Marekani, wakafanya kazi hiyo miaka mingi. Mimi chura nilimpasua mwaka wa kwanza, na hakuna mwalimu aliyenitajia hayo.

Sehemu inayonikaa moyoni ni ya Oldham, kaskazini mwa Uingereza. Robert Edwards na Patrick Steptoe walikuwa wameshindwa kwa miaka wakiwapa wanawake dawa za kupevusha mayai mengi. Mwaka wa 1977 waliamua kungoja lile yai moja la mwezi. Basi wanawake wodini wakawa wanatoa mkojo kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, nao ukipimwa kwa kifaa kutoka Japani kilichoitwa Hi-Gonavis. LH ikipanda, wanahesabu saa, na chumba cha upasuaji lazima kiwe tayari hata kama ni usiku wa manane. Lesley Brown, ambaye mirija yake ilikuwa imeziba na alikuwa ametafuta mtoto miaka tisa, alitolewa yai moja mnamo Novemba. Binti yake Louise alizaliwa tarehe 25 Julai 1978. Jean Purdy, nesi aliyekuwa kwenye hiyo kazi tangu mwanzo, jina lake lilichelewa sana kuwekwa kwenye kibao cha ukumbusho.

Yaliyofuata yalienda haraka. Köhler na Milstein, Cambridge, 1975, walikuwa wamepata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 vipimo vya LH vya nyumbani vilikuwa madukani. Wodi yote ya Oldham sasa inakaa kwenye droo yangu, karibu na miswaki.

Lakini hicho kijikaratasi kinapima LH peke yake. Hakithibitishi kwamba yai limetoka, na kwa mwenye ovari zenye vifuko vingi kinaweza kukolea bila sababu. Tena hakimwulizi mwanaume chochote.

Miezi miwili iliyopita tulienda kwa daktari. "Umewahi kushika mimba?" akauliza, mume wangu akiwa ameketi kando yangu. Nikasema hapana.

Usiku huo nilimchorea mume wangu kalenda nyuma ya bahasha. Nikamweleza Ogino, nikamweleza utafiti wa Marekani wa mwaka 1995, wanawake 221, ulioonyesha mimba hushika ndani ya siku sita tu zinazoishia siku ya yai. Nikazungushia 21. Akaangalia muda mrefu.

"Na wewe ulijuaje yako ni 21?"

Nikamwambia. Yote, mpaka kabati. Hakusema kitu, akaenda kuosha vyombo, na mwenzangu si mtu wa kuosha vyombo. Aliporudi alisema, "Turudi kwa daktari umwambie." Tulirudi. Daktari aliandika, akauliza maswali mengine matatu, kisha akafungua kabati lake akatoa kikombe, na safari hii akampa yeye.

Majibu yake yanatoka Alhamisi. Leo ni siku ya 19 na mstari bado ni hafifu.